Hesabu ya Maji ya Chake

Vijana wanne wa Chake Chake waliokusudia kushuka hori kwa mtumbwi hadi Ras Mkumbuu, kuyaona magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo, walianza na Jumamosi, kwa kuwa ndiyo siku ambayo wote hawana kazi. Safari ikapangwa kama zipangwavyo safari za gari: kuondoka saa mbili asubuhi, kurudi saa kumi jioni. Kilichosalia, kwa dhana yao, ni makafi na mkate.

Mjomba wa mmoja wao, mvuvi aliyekwisha kuiaga bahari, aliwauliza swali moja. "Jumamosi hiyo mwezi ngapi?"

"Ishirini na mbili, mjomba."

"Basi mtapiga makafi kwenda na mtapiga makafi kurudi."

Hakuwa akifanya mzaha. Katika visiwa hivi kalenda ya Kiislamu ni jedwali la bahari pia, ingawa wengi siku hizi huiangalia kwa ajili ya Ramadhani na Idi tu. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, na maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni. Kila siku ipitayo huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Ikifika tarehe 22 ni maji mafu, na kujaa kumesogea hadi karibu saa nne asubuhi. Atokaye saa mbili hukabiliana na maji yaingiayo; ageukaye mchana hukabiliana na yatokayo. Hori limempinga mara mbili, wala halikumkusudia.

Tarehe 15 mambo hugeuka. Aliyekwisha kusali Alfajiri huyakuta maji yameanza kutoka, nayo humchukua. Lakini bamvua ina masharti yake. Tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita nne, na katika saa sita za kupwa, ya tatu na ya nne pekee huondoa karibu nusu ya maji yote. Hapo mkondo hukaza baina ya mikoko, na ukikutana na upepo uingiao huchafuka na kutoa povu. Achelewaye huachwa juu ya tope, akiwatazama kaa hadi maji yatakapomrudia. (Hori, kwa Kiswahili, ni mkono wa bahari na ni mtumbwi mdogo vilevile, waliolipa neno hili maana mbili bila shaka walijua kwamba kimoja hakiendi bila ya idhini ya kingine.)

Simu zao ziliwapa saa za kujaa na kupwa, na saa hizo ni za kweli, ila ni za bandari. Ndani ya hori maji huja nyuma kidogo, na ni kidogo hicho kinachoamua kama mtumbwi utaelea.

Ikabaki ruhusa ya mama. Tangu kuzama kwa Spice Islander mwaka 2011, nyumba nyingi za Pemba hazilisikii neno la safari ya bahari kwa masikio yale ya zamani. Mama mmoja alitaka kuyaona majaketi ya kujiokolea kwa macho yake, akayahesabu: manne.

Siku ikawekwa Jumanne, mwezi kumi na tano. Watatu waliomba ruhusa kazini wakaipata. Wa nne alinyimwa, na jaketi lake akalivaa mjomba.