Koa wa waridi asiye na pa kukimbilia

Msomaji, sisi wakazi wa mijini humjua koa kama adui wa sukumawiki: kidude cha kijivu chenye utelezi, ambacho dawa yake ni chumvi. Lakini ukibahatika kupanda Mlima Kaputar huko Australia usiku wa mvua, utakutana na koa wa aina nyingine kabisa. Huyu ana rangi ya waridi iliyokolea, utadhani amechovywa kwenye kopo la rangi, na hufikia urefu wa sentimita 20, kama penseli mpya.

Mlima huo uko karibu na mji wa Narrabri, katika jimbo la New South Wales. Mamilioni ya miaka iliyopita ulikuwa volkano. Leo nyanda zinazouzunguka ni kavu na zenye joto, ilhali kileleni, karibu mita 1,500 juu, kuna baridi, ukungu na mara nyingine theluji. Msitu huo wa juu ni kama kisiwa, ila kilichouzunguka si bahari bali ni ukame. Koa huyu huishi hapo tu. Kwingineko duniani hutampata.

Mchana hujificha chini ya majani makavu na ndani ya nyufa za miamba. Mvua ikinyesha usiku, hutoka akakwea mashina ya mikaratusi na kukwangua kuvu na mwani unaoota juu ya magome.

Mnamo Oktoba 2019 moto uliuvamia mlima huo, ukawaka kwa majuma kadhaa. Ilikadiriwa kuwa asilimia 90 ya makoa hao waliangamia. Hata hivyo, mvua iliponyesha Januari 2020, walinzi wa mbuga waliwahesabu karibu 60 walio hai. Nyufa za miamba ndizo zilizowaokoa.

Huenda ukauliza, kwa nini wasihamie kwingine? Dunia inapozidi kupata joto, viumbe wengi wa milimani husogea juu kufuata baridi. Koa huyu yuko kileleni tayari. Juu yake ni mawingu, chini yake ni jua kali.

Basi, ukipata safari ya kwenda huko, panda alfajiri baada ya mvua, kabla hajarudi mafichoni. Usimshike, na uangalie vyema unapokanyaga.