Daftari la Madeni ya Mama

Mama yangu hakuwahi kuliamini neno bure. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanzishwa nchini Januari 2003, na watoto zaidi ya milioni moja wakamiminika madarasani, yeye alikuwa nyuma ya cherehani yake mjini Nakuru akishona sare usiku na mchana. "Elimu ya bure," alikuwa akisema huku akikata uzi kwa meno, "na hizi kaptura analipia nani?" Baadhi ya wateja wake walikuwa wazazi, wengine walikuwa shule zenyewe, ambazo zilichukua sare kwa mkopo na kulipa siku zilipojaliwa. Kufikia 2004 alikuwa na mafundi watano, na madeni yalikuwa yamemshinda kuyaweka kichwani. Akanunua tarakilishi kuukuu, kubwa kama sanduku la bibi harusi.

Muuzaji alimtilia ndani programu ya uhasibu, eti iwe bakshishi. Sote tulijua, au tulipaswa kujua, kwamba ilikuwa nakala ya wizi. Sijitoi miongoni mwa wezi hao: insha zangu zote za mwaka wa kwanza, ikiwamo moja kuhusu maadili katika tamthilia ya Kiswahili, nilizipiga chapa kwa programu ambayo sikuilipia hata ndururu. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 huziweka programu za tarakilishi katika kundi moja na riwaya na tamthilia, yaani mbele ya sheria mwandishi wa programu ni mwandishi kama waandishi wetu tunaowahakiki. Lakini mtu ambaye angeona haya kudurufu riwaya ya mhadhiri wake na kuiuza barabarani hakuona haya yoyote kwa jambo hili.

Asubuhi moja ya Januari 2006, siku chache kabla ya shule kufunguliwa, programu ile iligoma. Ilituonyesha kisanduku kidogo katikati ya kioo, ikadai nambari ya usajili. Nambari hatukuwa nayo, na muuzaji hakupatikana kwa simu. Madeni ya shule kumi na moja yalikuwa humo ndani, na stakabadhi tulizokuwa tumezihifadhi hazikufika nusu. Faili yenyewe tuliiona. Tulipojaribu kuifungua kwa njia nyingine ilitumwagia alama ambazo hata mpiga ramli asingezisoma. Kodi ya chumba ilikuwa imefika, mafundi walikuwa wakingoja mshahara wa Desemba, na muuza vitambaa alikuwa amekwisha kutuma mtu mara mbili.

Mama aliketi mbele ya kioo kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza: "Mwanangu, kompyuta ni yangu. Umeme ninalipa mimi. Madeni ni yangu, na mkono ulioyaandika ni huu. Mbona basi siruhusiwi kuyasoma?"

Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, nikijua kuchanganua sentensi changamano kwa jedwali na kwa matawi, na sikuwa na jibu.

Nilirudi chuoni na swali hilo, na mwenzangu mmoja aliyesomea sayansi ya tarakilishi akanipa diski yenye Jambo OpenOffice. Hii ilikuwa OpenOffice.org kwa Kiswahili, iliyotolewa mwishoni mwa 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Uswidi. Kilichonishangaza zaidi si kwamba ilikuwapo. Ni kwamba watafsiri wake hawakuhitaji kubisha mlango wa mtu. Kampuni ya Sun Microsystems ilikuwa imeufungua msimbo wa programu ile mwaka 2000, chini ya leseni inayomruhusu yeyote kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kuwagawia wenziwe. Watu wa Dar es Salaam waliona kwamba lugha yao haimo, wakaitia.

Nilipomwambia mama kwamba haina malipo, aliisukuma ile diski kando. "Rahisi ni ghali. Si tumeona?"

Hapo lugha ikaniokoa. Kiingereza hutumia neno moja kwa maana mbili, na wafuasi wa Richard Stallman, aliyeanzisha mradi wa GNU mwaka 1983, wamekuwa wakieleza miaka nenda miaka rudi kwamba wanazungumzia uhuru na wala si bei. Sisi tuna bure na tuna huru, na hatuzichanganyi. Bure yetu, tena, ina ila yake: mtu bure, maneno bure, kujisumbua bure. Nikamwambia, haya, tuache bure; hii ni huru. Akataka kujua huru namna gani. Nikamwonyesha zile karatasi zilizotundikwa ukutani, ambazo mafundi hukatia kaptura na sketi. Ile programu ya kwanza, nikamwambia, ni kama kaptura iliyoshonwa tayari: ikikubana, huna la kufanya. Hii inakuja pamoja na karatasi yake ya kukatia. Ukitaka kuipanua kiunoni, fundi yeyote anayejua kazi ataipanua.

"Na madeni yangu?"

"Utayaandika upya. Lakini hakuna atakayekufungia tena."

Tuliyaandika upya kwa wiki mbili, kwa stakabadhi, kwa kumbukumbu yake, na kwa kwenda kuomba vitabu vya walimu wakuu. Wawili walikana. Nilimtengenezea lahajedwali, ambayo yeye aliiita daftari la vyumba, na hadi leo naona jina lake linashinda letu. Mama aliishia darasa la saba, na Kiingereza cha ile programu ya kwanza kilikuwa kimemfanya amtegemee karani kwa kila jambo. Sasa aliyasoma mwenyewe maneno ya juu ya kioo, akayabishia mengine, akabofya. Sisi huku chamani tulikuwa tukijadiliana kama iitwe tarakilishi au ngamizi; yeye alisema kompyuta na kazi ikaendelea.

Sitaki kuipamba. Barua zilizotoka shuleni, zilizoandikwa kwa programu nyingine, zilifunguka majedwali yakiwa yamepinda. Karani alinung'unika kwamba anapoteza muda kwa kitu ambacho waajiri hawakiulizi, na hakukosea. Kosa kubwa zaidi lilikuwa langu: fomula ya jumla niliyoiandika iliacha safu ya mwisho, shule moja ikatozwa pungufu, na mama akaligundua kwa kujumlisha kwa kalamu. Tangu siku hiyo alijumlisha kwa kalamu kila Ijumaa. Uhuru ule haukuja na mwalimu, na ada ya mafunzo tuliilipa kwa usingizi wetu.

Mambo yamebadilika tangu wakati huo. Mwaka 2010 sehemu kubwa ya waundaji wa OpenOffice.org walijitenga wakaanzisha LibreOffice, jambo ambalo leseni ile ile iliwaruhusu. Muundo wa faili uliotokana na ule tuliotumia uliidhinishwa kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2006. Tafsiri nayo haidumu yenyewe: kila toleo jipya huja na maneno mapya, na mtu wa kuyatia Kiswahili ni yeyote atakayejitolea. Nimehudhuria makongamano mengi kuhusu istilahi, na sikumbuki hata moja lililofunga vikao vyake kwa kuyatuma maneno liliyoyakubali kunakohusika.

Mama amestaafu. Juzi, nikipanga vitu vyake, nilikuta ile diski ya nakala za 2006, nikaitia katika kipakatalishi changu. Daftari lilifunguka, vyumba vyote mahali pake. Nikamwita. Akavaa miwani, akateremka safu kwa safu kwa kidole, akasimama kwenye mstari mmoja: kaptura kumi na nne, hazijalipwa. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaniuliza kama nambari ya simu ya shule ile ninayo.