Kitanda cha Kabari

Vikwazo dhidi ya Burundi vilipowekwa mwishoni mwa Julai 1996, siku chache baada ya Pierre Buyoya kutwaa madaraka, kitu cha kwanza kuadimika katika karakana yetu ya Gatete, Rumonge, hakikuwa mbao. Kilikuwa msumari. Ikafuata kola, kisha msasa, vanishi, na mafuta ya mashine ya kupasulia magogo. Magendo ya ziwani yalikuwapo, kila mtu wa mwambao huu anajua, lakini boti la usiku lilibeba petroli na sukari. Nani angekumbuka seremala? Oktoba mwaka huohuo vita vikaingia Uvira, ng'ambo ya ziwa, na mbao ngumu za huko nazo zikawa za kubahatisha.

Mgeni akiona michikichi ya Rumonge hudhani hatuwezi kukosa mti. Mchikichi si mti wa seremala. Ndani ni nyuzi na maji, haushiki msumari, na ukikauka hunywea. Hata mawese, tuliyokuwa nayo tele, hayafai kupaka kabati: hayakauki, yanabaki kunata na kukusanya vumbi. Tulibaki na grevilea, miembe iliyozeeka, na mkaratusi uliopasuliwa kwa msumeno wa watu wawili. Mkaratusi una kiburi chake. Ukiuranda mbichi hujinyonga, na ukiugongea msumari karibu na ncha hupasuka.

Wapo waliochokora majivu ya nyumba zilizochomwa vitani wakatuletea misumari ya kununua kwa kilo. Tuliinyoosha juu ya jiwe, lakini msumari uliopita motoni hulegea. Hupinda kabla haujazama. Ndipo tukarudi kwenye ulimi na tundu, kazi ambayo wazee walitufundisha nasi tukaiacha kwa uvivu. Tundu linachimbwa kwa patasi, ulimi unaingia kwa kubana, kisha unatobolewa na kupigwa hobo, yaani kijiti cha mti mkavu. Mbao ikiwa bado na unyevu kidogo, hobo hunyonya unyevu huo na kuvimba, nayo mbao ikisinyaa huikaba. Kiungo cha namna hiyo hakihitaji kola.

Wateja nao walitubadilishia umbo la kazi. Waliowahi kukimbilia Kigoma au Fizi walikuwa wamejifunza kwamba samani nzito humbakia aliyekuja kupora. Mama mmoja aliniuliza, "Fundi, kitanda chako kinaingia mtumbwini?" Nikamtengenezea cha kabari: mifumbati inapenya matendegu na kutokeza upande wa pili, kabari inagongwa kwenye tundu la ncha, basi. Ukitaka kuhama, unazigonga kabari kutoka chini, unafunga vipande na chaga zake kwa kamba kama mzigo wa kuni. Mbao zake zilikuwa nyembamba, bila nakshi, na ubao wa kichwani tuliuondoa kabisa. Sikukibuni kwa ajili ya uzuri, ila hadi leo naona ndicho kitanda kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza.

Baadaye mwalimu wa ufundi alinisimulia habari za Uingereza wakati wa Vita vya Pili. Meli zilizobeba mbao zilikuwa zikizamishwa, plaiwudi ikichukuliwa kutengenezea ndege kama Mosquito. Mwaka 1942 serikali ikaunda kamati, mbunifu wa samani Gordon Russell akiwamo, ikachagua miundo michache ya samani, na kiwanda hakikuruhusiwa kutengeneza mingine. Walioruhusiwa kununua ni wenye ndoa mpya na waliobomolewa nyumba kwa mabomu. Viungo vilitakiwa viwe vya ulimi na tundu au vya hobo, na penye kufungia itumike skrubu, si msumari. Mpango ulidumu hadi 1952. Nilicheka: wenzetu waliandikiwa amri ya kufanya yale tuliyoyafanya kwa kukosa.

Lakini tofauti ni kubwa, na ndiyo inayoniuma. Uhaba peke yake haumfanyi mtu kuwa fundi hodari. Hapa kwetu kila karakana ilihangaika kivyake, na kwa kila kitanda kilichosimama imara vilitoka vingine vilivyofungwa kwa waya, vikamwangusha mwenyewe kabla ya mvua ya pili. Wao walikuwa na kipimo kimoja na bei iliyopangwa. Sisi tulikuwa na huruma ya mteja. Vikwazo viliposimamishwa Januari 1999, wateja walirudia makochi manene yenye maua, na kabari zikasahaulika. Hata Waingereza, nasikia, walikimbilia mapambo mara walipofunguliwa.

Miaka hii petroli imeadimika tena Burundi, faranga imeshuka, na bei ya misumari haishikiki. Ndugu zangu maseremala wa Rumonge, wa Gatete hadi Nyanza-Lac, tusingoje kila mtu ahangaike peke yake mara nyingine. Tukae tukubaliane vipimo viwili vitatu vya kitanda vinavyolingana na magodoro yanayouzwa sokoni, unene wa mfumbati ambao hakuna wa kuupunguza, na aina ya kiungo. Mimi kiolezo changu cha kitanda cha kabari kiko karakanani, njooni mkinakili bure.