Shingo ya Mgonjwa na Sijida Yake



Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Wapenzi wanafunzi na wazazi, kila mwaka tunapofika mlango wa swala ya mgonjwa katika somo la fiqhi, darasa hupoa. Vijana wenye viungo vizima huona huo ni mlango wa wazee. Basi leo nitaueleza kwa habari ya mama yangu mkubwa, naye ameniruhusu.

Mama mkubwa ana baridi yabisi kwa zaidi ya miaka 15. Wengi hudhani maradhi haya huletwa na sakafu ya baridi au maji ya alfajiri. Sivyo. Aina aliyonayo yeye hutokea pale kinga ya mwili inapogeuka na kushambulia viungo vya mwili wenyewe. Ilimwanza vidoleni, mikono yote miwili, asubuhi ikakamaa hata ukili hausukiki. Baada ya miaka ikapanda shingoni.

Shingo ina pingili 7. Ya kwanza ni kama pete iliyobeba kichwa. Ya pili ina jino la mfupa lililosimama ndani ya pete hiyo, na ukano madhubuti hulizuia jino lisisogee. Maradhi yakikaa sana bila kudhibitiwa huweza kula mfupa na kulegeza ukano. Hapo mtu akiinamisha kichwa, pete huteleza mbele, na mshipa mkuu wa fahamu unaoshuka kutoka ubongoni huweza kubanwa.

Dalili zake ni maumivu ya kisogo, ganzi mikononi, miguu kukosa nguvu, na mshtuko kama wa umeme ukishuka mgongoni mtu anapoinama. Mama mkubwa aliupata mshtuko huo akiwa katika sijida. Alipigwa eksirei shingo ikiwa wima na ikiwa imeinama, ikaonekana nafasi kati ya jino na pete imezidi. Kwa mtu mzima kwa kawaida haipiti milimita 3. Daktari akamkataza kuinamisha shingo.

Akalia. Akaniambia, "Mwanangu, Mola niliyemsujudia tangu utotoni, leo nimwashirie tu?"

Nikamkumbusha kisa cha Imran bin Huswayn (R.A.), kilichomo katika Sahihi Bukhari. Alikuwa na bawasiri, na Mtume (S.A.W.) akamwelekeza aswali kwa kusimama; asipoweza, kwa kukaa; asipoweza, kwa ubavu. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wakafafanua: asiyeweza kuinama huashiria kwa kichwa; kichwa kikishindikana, kwa kope; zikishindikana nazo, huzipitisha nguzo moyoni. Hata katika salamu, nguzo ni tamko, kugeuza uso ni sunna. Tena mgonjwa huandikiwa ujira wa yale aliyokuwa akiyafanya alipokuwa mzima.

Akanyamaza, kisha akaomba kiti. Sasa anaswali akiwa amekaa, shingo imenyooka, akiinamisha kiwiliwili kwa kiasi alichoruhusiwa na daktari.

Wenye mgonjwa wa namna hii nyumbani, shikeni haya:

1. Asikandwe wala asinyongwe shingo, iwe kwa mkandaji au kwa kinyozi.

2. Akae wima. Msahafu uwekwe kwenye marufaa juu ya meza, usawa wa macho, na simu vivyo hivyo. Mto usiwe mnene wa kusukuma kidevu kifuani.

3. Kabla ya upasuaji wowote wa kulazwa usingizi, amweleze daktari hali ya shingo yake, maana kichwa chake huweza kurudishwa nyuma wakati wa kupitishiwa mpira wa kupumulia.

4. Asiache dawa alizoandikiwa. Kutibiwa mapema hupunguza maradhi kufika shingoni. Ganzi ikizidi, miguu ikilegea au akishindwa kuzuia haja, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Nanyi wanafunzi, mkimwona mtu ameswali kitini na kichwa hakiinami, msimcheke wala msimdhanie uvivu. Huenda anailinda amana ya mwili aliyopewa na Mola wake, na huko nako ni kumtii.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu, na atupe elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.