Doa Jeupe Kwenye Kiwiko cha Fundi

Kwenye kiwiko cha kulia cha fundi mmoja wa Mulongwe, hapa Uvira, pana doa jeupe linalolingana na kizibo cha chupa. Aliyeliweka ni mimi. Sindano ya deksametasoni ikichomwa karibu na ngozi huweza kuifuta rangi, na kwenye ngozi kama zetu doa hilo huonekana toka mbali. Kila tukikutana njiani, macho yangu huenda hapo kabla sijamtazama usoni.

Mimi ni muuguzi. Kwenye zahanati ndogo za mitaa yetu, muuguzi ndiye anayeitwa dokta, naye huzoea kuitwa hivyo. Mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020 na kubomoa maelfu ya nyumba, waashi walipata kazi kuliko nguvu za mikono yao. Fundi huyu asubuhi alipasua mawe kwa nyundo, mchana akashika mwiko, akawa anainua udongo wa sementi na kuubandika ukutani hadi jua lipotelee nyuma ya milima.

Alikuja ameushika mkono wake. "Dokta, mkono unaniuma. Nikishika kikombe cha chai, kinataka kuanguka." Nilibonyeza nundu ya mfupa iliyo upande wa nje wa kiwiko, akashtuka. Jina la ugonjwa nililijua: epikondilite, ambao wengine huuita kiwiko cha tenisi. Sikumuuliza anafanya kazi gani, kwa saa ngapi, kwa chombo gani. Foleni ilikuwa ndefu, naye alitaka kurudi kazini. Nikapiga sindano.

Siku ya tatu akarudi kunishukuru, ameniletea samaki wawili wabichi aina ya mukeke. Kazini kwao akaeneza habari kwamba kuna dokta wa sindano moja. Sifa ile niliipenda, na tangu hapo nilichokuwa nakilinda ni sifa, si mkono wa mtu.

Baada ya majuma machache maumivu yalirudi. Nikapiga ya pili. Ya tatu haikumaliza hata mwezi. Alipokuja mara ya nne hakuweza kukamua nguo wala kuinua bidoni la maji. Akaniuliza kwa upole, "Dokta, mbona mkono hauponi?" Nikamjibu, "Kaka, ni wewe mwenyewe. Nilikwambia upumzike, hukusikia."

Sikuwa nimemwambia. Nilijua hivyo wakati maneno yananitoka. Yeye akainamisha kichwa, akaniomba radhi kwa kunisumbua.

Alikaa bila kazi miezi mingi. Mtoto wake wa kwanza, aliyekuwa anajiandaa kwa mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari, akaacha darasa, akachukua nyundo ya baba yake. Mwaka ule haukurudi.

Ukweli niliupatia Bujumbura, nilikompeleka mama yangu mwenye maumivu ya goti. Nilimsimulia mtaalamu wa viungo kisa cha fundi kana kwamba ni cha muuguzi mwingine. Aliniambia nikunje ngumi, kisha akaweka vidole vyake juu ya mkono wangu, chini kidogo ya kiwiko. "Unasikia huu msuli unavyokaza? Kila unaposhika kitu, ndio unaokizuia kifundo cha mkono kisiinamie ndani." Msuli huo na wenzake huishia kwenye kano zilizojishikiza kwenye ile nundu ya nje. Mtu akishika nyundo, akakaza, akapiga, akakaza tena siku nzima, kano huchakaa kuliko inavyoweza kujitengeneza. Nyuzi zake hulegea na kuvurugika kama kamba ya wavu iliyosuguliwa sana kwenye ukingo wa mtumbwi.

Nilikuwa nimefundishwa kwamba humo ndani kuna moto wa uvimbe, na deksametasoni ni maji ya kuuzima. Lakini kano ikishauma kwa majuma mengi, uvimbe si kiini cha tatizo. Kiini ni uchakavu. Sindano hunyamazisha maumivu, na yale maumivu ndiyo peke yake yaliyokuwa yanamzuia fundi asizidi kujiumiza. Nilimfumba kinywa shahidi, kisha nikampeleka mtu akapasue mawe.

Hata jina lilinipoteza. Mwaka 1873 daktari Mjerumani, Runge, aliyaeleza maumivu haya kwa watu wa kuandika kwa mkono. Mwaka 1882 Henry Morris, daktari wa London, akayahusisha na wacheza tenisi, na jina la mchezo likabaki. Wengi wanaougua hawajawahi kushika raketi. Hapa kwetu ni waashi, maseremala, wavuta makasia, mama wanaokamua nguo za familia nzima. Kama ningeuangalia mkono badala ya jina, ningeona nyundo.

Na ushahidi ulikuwepo kabla ya kosa langu. Huko Brisbane, Australia, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 198, matokeo yakatoka mwaka 2006. Kwenye juma la sita, waliochomwa sindano ndio waliokuwa na nafuu kubwa. Lakini wengi wa waliopata nafuu kwa sindano walirudi nyuma, na mwaka ulipotimia waliochomwa sindano walikuwa na hali mbaya kuliko waliofanyiwa mazoezi ya viungo. Wengi wa walioachwa bila tiba maalumu, wakashauriwa tu na kusubiri, walipona.

Tiba yenyewe ni ya polepole. Kupunguza kazi inayouma bila kuufunga mkono usifanye chochote. Kuinua mizigo kiganja kikitazama juu, karibu na mwili. Kuviringisha mpira wa baiskeli kwenye mpini wa nyundo ili uwe mnene, mkono usikaze sana. Kisha zoezi: mkono umelala juu ya meza, kiganja kikitazama chini, kifundo kikining'inia ukingoni, umeshika chupa ndogo ya maji. Mkono usiouma huinua chupa, mkono mgonjwa huishusha taratibu. Kila siku, kwa miezi. Uzito huongezwa kano inapozoea. Anayesikia ganzi vidoleni, aliye na homa na kiungo kilichovimba, au aliyeumia kwa kuanguka, huyo aende hospitali bila kukawia.

Niliporudi Uvira nilimwendea fundi nyumbani jioni. Nilimwambia yote: kwamba sindano zangu ndizo zilizomchelewesha, na kwamba sikuwahi kumwambia apumzike. Alikaa kimya muda mrefu akilisugua lile doa. Kisha akasema, "Basi nifundishe hilo zoezi." Tulilifanya pamoja kwenye meza yake, na nikaendelea kwenda kila juma. Ilimchukua miezi saba kuushika mwiko tena bila kuogopa.

Lakini jioni ile ya kwanza, nilipokuwa natoka, mke wake alinifuata hadi mlangoni. "Dokta, mtoto umemwambia?" Nikamuuliza mtoto anahusika vipi. Akasema, "Yeye anaamini baba yake aliuharibu mkono kwa ukaidi. Mwaka wake wa shule anamdai baba yake."

Kijana alikuwa kando ya mto, katikati ya marundo ya kokoto, ameshika nyundo ile ile. Nilimwomba aiweke chini. Nikakaa juu ya jiwe mbele yake, nikamweleza kwamba baba yake hakukaidi, kwa sababu hapakuwa na agizo la kukaidi. Aliyesema uongo ni mimi, na mwaka wake anidai mimi.