Mgeni Aliyelipa

Breaux Bridge ni mji mdogo wa Louisiana, kusini mwa Marekani, ukingoni mwa Bayou Teche. Neno bayou lilitoka kwa watu wa Choctaw, likapitia Kifaransa. Ni mto ambao maji yake huenda polepole mno hata mtu hudhani yamesimama. Hapo ndipo ninapopangisha vyumba viwili kwa wasafiri, na hapo ndipo neno letu "mgeni" liliponitia mashakani.

Kwa Kiswahili, mgeni ni mtu asiyejulikana, na ndiye huyo huyo anayekaribishwa. Wahenga walimpa siku mbili. Ya tatu, jembe. Je, aliyelipia siku tatu angali kwao, nitamshikisha jembe gani? Mkataba humwita mteja. Ulimi wangu hukataa kumwita hivyo mtu aliyelala chini ya paa langu.

Wenyeji wana neno lagniappe: kile kidogo ambacho muuzaji humwongezea mnunuzi bila kudaiwa. Asili yake ni Kikechua cha Amerika Kusini, likaja kwa njia ya Kihispania. Sokoni kwetu ni nyongeza tu, na naliona letu tamu zaidi.

Basi fedha hulipia kitanda na shuka. Sufuria ya kamba wa matopeni, waliouletea mji huu cheo cha kuwa makao yao makuu duniani kwa tamko la bunge la Louisiana mwaka 1959, ni nyongeza. Tunawala barazani kwa mikono, pilipili ikitutoa machozi. Juzi mmoja, siku yake ya tatu, aliomba aoshe sufuria.

Nikampa.