Wageni wa Mlango wa Msimbazi

Mkazi wa Dar es Salaam avukaye Daraja la Selander kila siku kwenda na kurudi kazini huyaona matope na mikoko ya mahali pale bila kuyatazama. Macho yake yako kwenye foleni ya magari. Ni wachache wajuao kwamba hapo, Mto Msimbazi unapoingia katika Bahari ya Hindi, pana wageni waliokuja kutoka mbali kuliko abiria yeyote wa daladala.

Jumapili moja ya mwezi Februari, baada ya chakula cha mchana, tulikwenda kuwatazama wageni hao: mimi, mama watoto, na binti yetu mwenye umri wa miaka tisa. Tulichukua chupa ya maji, mihogo ya kuchemsha, darubini ya kuazima na kamera yetu ndogo. Gharama yetu ilikuwa nauli tu.

Maji yalikuwa yamekupwa. Juu ya matope tuliwaona kulasitara weupe wakinyatia samaki, na sululu wakichokoa mashimo kwa midomo yao mirefu iliyopinda kuelekea chini. Vitwitwi wadogo walikimbia huku na huko kama watoto waliotoka darasani. Mbali kidogo lilisimama kundi la ndege weupe wenye joho jeusi mgongoni, miguu mirefu, na mdomo mweusi mnene kama koleo. Hao ni wala kaa, ambao huzaliana katika fukwe na visiwa vya Ghuba na Bahari ya Uarabuni. Huko hufukua mashimo mchangani na kwa kawaida hutaga yai moja tu.

Tamaa ikanishika. Nilitaka picha ya kundi zima likiwa angani, mabawa yote yamefunguka. Nikamwambia binti yangu apige makofi kwa nguvu. Naye akapiga, akapiga na kelele. Ndege wote wakaruka kwa mpigo mmoja, wakavuka maji, wakatua mbali tusikoweza kuwafikia. Kamerani nilibaki na madoa meupe yasiyo na kichwa wala miguu.

Karibu nasi alikuwapo mama mmoja aliyeinama akiokota kombe. Alinyanyua kichwa, akasema bila ukali, "Baba, hao walikuwa wanakula."

Neno hilo lilinichoma, kwa maana lilikuwa kweli. Ndege hawa hupata chakula chao pale maji yanapokupwa, na bahari haimngoji mtu. Miongoni mwa vitwitwi wale wamo wanaozaliana Siberia, kaskazini kabisa mwa dunia, safari ya zaidi ya kilomita 8,000 kutoka kwetu. Ndege mwenye uzito wa gramu 60 hivi hana mkoba wa masurufu. Akiba yake ni mafuta anayojiwekea mwilini kwa kula kaa na minyoo wa matope haya. Kila anaporushwa bila sababu, huichoma akiba hiyo na kupoteza wakati wa kula. Mimi nilikuwa nimewafukuza wageni mezani, tena kwa makofi.

Tukaketi kimya chini ya mvinje, jua la alasiri likiwa mgongoni mwetu. Maji yakaanza kujaa. Kadiri yalivyopanda, ndivyo matope yalivyopungua, na ndege wakawa wanasogea wenyewe kuelekea ukingoni tulipokuwa. Binti yangu, ambaye nyumbani hanyamazi hata akila, alihesabu kwa kunong'ona hadi sululu kumi na saba. Mmoja alikuja karibu sana, akavuta kaa kutoka shimoni, akammeza. Picha hiyo nilipiga bila kuinuka, na sululu hakugutuka.

Basi, atakaye kwenda na jamaa yake ajifunze kwa kosa langu. Aulize kwanza majira ya maji, afike saa mbili au tatu kabla hayajajaa, achague mahali asipotazamana na jua, kisha akae. Asiyakanyage matope, wala asiache chupa nyuma yake. Mvumilivu hula mbivu, na ndege humjia aliyetulia.

Mwezi Mei tulirudi. Sululu wachache walikuwa bado wanatembea, lakini lile kundi la vitwitwi halikuwapo. Binti akatazama kaskazini kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Baba, watafika?"

Nikamjibu, "Waliopata kushiba, mwanangu."

Hakusema kitu. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa ameificha mikono yake mifukoni.